Ua Zuri la Majini

Labda siku moja mama atakutuma Kibiti ukanunue miche ya maua ya kupanda nyumbani. Muuzaji akikuonyesha mmea uelealo ndani ya ndoo ya maji, wenye maua ya zambarau hafifu na doa la manjano juu ya ua, usiitoe fedha yako upesi. Huo ni gugu maji.

Ukiutazama utapendezwa nao. Vikonyo vya majani yake vimevimba kama vibuyu vidogo, na ndani yake mna hewa. Ndiyo sababu hauzami. Mizizi yaning'inia majini kama manyoya, wala haihitaji udongo. Tena huzaa watoto ubavuni, na kila mtoto akikatika huwa mmea kamili. Katika maji ya joto yenye rutuba, mimea kumi yaweza kuwa ishirini kwa majuma mawili hivi. Mbegu nazo hulala matopeni miaka mingi, kisha huota.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu waliueneza ulimwenguni kwa uzuri wa ua lake tu. Mto Kagera uliuleta kutoka Rwanda, na mwaka 1989 ulionekana katika Ziwa Viktoria. Kabla ya miaka kumi kupita, ghuba nzima zilifunikwa kama kwa mikeka. Mitumbwi haikupita, nyavu zilinasa, samaki walikosa hewa chini ya kivuli kile, na konokono wa kichocho walipata maskani. Watu waling'oa kwa mikono hata wakachoka. Mwisho wakaletwa fukusi (si wale wa mahindi yetu) walao gugu hilo, nao wakalipunguza sana. Lakini halijaisha hata leo.

Sasa fikiri habari za kwetu Rufiji. Maji ya chumvi huliua gugu hili, basi kwenye mikoko karibu na bahari haliwezi kustawi. Lakini mabwawa ya maji baridi, kama Ruwe na Utunge, ndiko wavuvi wetu watupako nyavu. Na mto ukifurika, maji huunganisha bwawa na mto na mashamba ya mlau. Mche mmoja uliotupwa dimbwini waweza kusafiri mbali.

Kama wataka ua la majini, chukua yungiyungi, lenye mizizi matopeni na majani yaliyolala juu ya maji. Na mmea wa lantana, ambao ndege hueneza mbegu zake na ng'ombe huugua wakiula, usipande kuwa boma. Kama gugu maji umekwisha kulinunua, lianike juani mbali na maji mpaka likauke kabisa, kisha ulichome.