Mwarobaini na Madini ya Fedha: Silaha Mpya Dhidi ya Bakteria wa Ngozi?

Majipu na vidonda vyenye usaha ni maradhi yajulikanayo karibu katika kila nyumba. Mara nyingi chanzo chake ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye huishi puani na juu ya ngozi za watu wengi bila kuwadhuru, mpaka apate mwanya wa jeraha. Mwaka 1959 dawa ya methisilini ilianza kutumika dhidi yake; lakini kufikia mwaka 1961 wataalamu wa Uingereza walikwisha kupata bakteria wa aina hiyo waliokuwa sugu. Tangu hapo usugu umeenea duniani. Ndiyo sababu watafiti wameirudia silaha ya kale, yaani madini ya fedha, yale yale ambayo sonara hufulia pete na vikuku.

Fedha si ngeni katika tiba. Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Carl Credé, alieleza jinsi tone la nitrati ya fedha lilivyokinga macho ya watoto wachanga. Mwaka 1968 Charles Fox wa Marekani alitoa taarifa ya salfadiazini ya fedha, ambayo baadaye ikawa marhamu mashuhuri ya vidonda vya moto. Ioni za fedha hushikamana na protini za bakteria, zikaharibu utando wake na kuvuruga upumuaji wake.

Kazi ya Jani

Fedha ikigawanywa kuwa chembe ndogo mno, eneo lake la nje huongezeka, na ioni hutoka kwa wepesi zaidi. Chembe hizo, ziitwazo chembe za nano, zina upana wa nanomita 1 hadi 100. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Bakteria aliyetajwa hapo juu ana upana unaokaribia nanomita 1000.

Kwa kawaida chembe hizo hutengenezwa kwa kemikali kali. Lakini mwaka 2004 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Kemia, mjini Pune, India, walionyesha kwamba majani ya mwarobaini yaweza kufanya kazi hiyo. Mti huo asili yake ni Bara Hindi. Afrika Mashariki uliitwa mwarobaini kwa kuaminiwa kwamba hutibu maradhi arobaini.

Majani huoshwa, huchemshwa katika maji safi, kisha maji yake huchujwa na kuchanganywa na nitrati ya fedha. Viini vilivyomo katika jani huzipa ioni za fedha elektroni, nazo hugeuka kuwa atomu zinazokusanyika na kuwa chembe. Viini hivyo pia huzivika chembe gamba jembamba ili zisigandamane. Rangi ya maji hubadilika kutoka manjano hafifu hadi kahawia, kwa kuwa chembe za fedha hufyonza sehemu ya mwanga. Mabadiliko hayo ndiyo ishara ya kwanza kwamba kazi imefanyika.

Tahadhari

Tone la maji hayo likiwekwa katika kisahani chenye bakteria, huonekana duara tupu ambamo bakteria hawakui. Hata hivyo duara hilo si ushahidi wa tiba. Kidonda kina damu, usaha na chumvi, ambavyo huzifunga ioni za fedha. Na kipimo kikizidi, seli za ngozi nazo hudhurika. Aidha, viini vya majani hutofautiana kwa udongo na majira, hivyo chembe za leo huenda zisilingane na za jana. Wala bakteria hawalali: mwaka 1975 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya Salmonella sugu kwa nitrati ya fedha, waliopatikana katika wodi ya wagonjwa walioungua.

Kwa hiyo mchanganyiko huu usijaribiwe nyumbani, wala usinywewe. Fedha ikirundikana mwilini huigeuza ngozi kuwa ya kijivu-buluu, na rangi hiyo haiondoki. Jani limekwisha kuonyesha kwamba laweza kuitengeneza chembe. Kazi iliyobaki ni ya watafiti: kuhakikisha kwamba chembe hiyo humwua bakteria na kumwacha mgonjwa salama.