Kompyuta iko Kariakoo, wewe uko Lionja: punguza MB zinazoliwa na skrini

Msimu wa korosho wengi tunarudi nyumbani, kompyuta yenye stoo na oda inabaki Dar. Mimi nikiwa Lionja, huku Nachingwea, naifungua ya Kariakoo kwa AnyDesk. Mtandao wenyewe wa kubahatisha, lakini kazi inaenda.

Tupige hesabu kidogo. Skrini ya laptopu nyingi ina nukta 1366 kwa 768, yaani zaidi ya milioni moja. Kila nukta ikichukua baiti 3, picha moja ya skrini ni kama MB 3. Zikitumwa 10 tu kwa sekunde, MB 30 zimekwenda kabla hujapepesa macho. Bando la nani litahimili? Ndiyo maana programu hizi zinatuma zaidi vile vipande vilivyobadilika, tena vimebanwa. Karatasi nyeupe ya hesabu inabanwa sana kwa sababu rangi ni ileile. Picha ya kitenge chenye maua haibanwi kirahisi hivyo. Video ndiyo balaa kabisa.

Kwa hiyo isaidie programu. Toa ile picha ya familia nyuma ya skrini, weka rangi moja. Funga video na kurasa zenye matangazo yanayochezacheza. Kwenye mipangilio chagua kasi badala ya ubora. Wa Remote Desktop ya Windows, shusha rangi kutoka biti 24 hadi 16: theluthi nzima imepungua hata kabla ya kubanwa. Orodha ndefu ishuke kwa Page Down, usiiburute, maana ukiburuta skrini inabadilika mfululizo.

Sasa hapa kuwa makini. Picha ikibanwa sana tarakimu zinapata ukungu, 3 na 8 zinafanana. Bei ya 8,500 ukimtajia mteja 3,500, hasara yako hiyo. Subiri skrini itulie, au kuza maandishi, ndipo ujibu.

Na yule anayepiga simu akijifanya wa benki, anataka namba yako ya AnyDesk? Kata simu. Ukimruhusu, anaona na kubonyeza kila unachokiona wewe.

La mwisho, mwambie aliyeko dukani azime mpangilio wa kompyuta kujilaza. Ikilala, hata upande juu ya mwembe kutafuta mtandao, huipati.