Mpiga dramu wa Babati kakosa chumba, hakukosa kazi

Kwa nini nyimbo nyingi zinazorekodiwa majumbani mjini Babati zinapigiwa dramu na kompyuta? Jibu la haraka ni pesa: lupu, kipande cha mdundo kinachojirudia, ni ya bure; mtu anataka posho. Hiyo ni nusu ya hesabu, tena nusu ndogo.

Nusu kubwa imo kwenye vifaa. Kadi ya sauti ya studio ya chumbani, mfano Focusrite Scarlett 2i2, ina matundu mawili tu ya kuingizia sauti. Mwimbaji na gitaa lake wanatosha hapo. Dramu zinataka walau maiki nne: moja ya ngoma ya mguu, moja ya snea, mbili za kuning'inia juu ya matoazi. Kwa hiyo kabla mpigaji hajapewa hata nauli ya bodaboda, prodyuza ameshatakiwa kununua kadi kubwa zaidi, maiki, stendi na nyaya.

Halafu kuna chumba chenyewe. Magodoro na mablanketi yanayotundikwa ukutani hukata mwangwi wa sauti nyembamba, basi. Mdundo wa hezi 60 una wimbi la karibu mita sita, na blanketi halina ubavu nao. Unapita ukuta na kumfikia jirani aliyelala. Mvua ikianza kupiga bati, kazi inaahirishwa. Lupu haijui mvua wala jirani.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema kompyuta imemfukuza mpiga dramu. Bongo Fleva haikumfukuza, kwa sababu haikuwahi kumwajiri. Mwaka 1991 Saleh Jabir alirap kwa Kiswahili juu ya mdundo wa Vanilla Ice, mdundo uliokuwa umeshatengenezwa Marekani. Ikaja FL Studio, programu ya Kibelgiji iliyoanza 1997 kwa jina la FruityLoops, yenye safu ya hatua 16 kama ile ya mashine ya Roland TR-808 ya 1980. Maprodyuza wengi wamejifunzia humo. Mpiga dramu alikuwa mtu wa bendi za dansi, kina Mlimani Park, waliorekodi Radio Tanzania bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Chumba kilikuwa cha serikali, na gharama yake hakuna aliyeiona kwenye bei ya wimbo.

Leo mpigaji wa Babati anakula kwenye ibada, harusi na mikutano ya injili. Huko lupu ni ngumu kuitumia: mchungaji akirudia pambio mara ya tano, mashine haiwezi kumsoma usoni. (Kinanda chenye midundo ya ndani kinajitahidi, lakini wanakwaya wanakijua kinapoanza kuwakimbiza.)

Na lupu ya bure ina bei yake. YouTube haiupokei kwenye mfumo wake wa Content ID wimbo uliojengwa kwa lupu ambazo wengine nao wana haki ya kuzitumia, hivyo msanii anakosa nyenzo ya kuwabana wanaopakia kazi yake bila ruhusa. Isitoshe, programu hizi hufunguka zikiwa tayari kwa nne kwa nne. Anayetaka mwendo wa muheme, ngoma inayopigwa na wanawake wa Kigogo huko Dodoma, atapekua maktaba za lupu hadi achoke.

Njia za kati zipo. Dramu za umeme huunganishwa na kompyuta kwa waya mmoja wa USB, mpigaji akavaa hedifoni, jirani akalala. Rahisi zaidi ni kuomba kanisa siku ya katikati ya wiki: ukumbi ni mpana, dramu zimeshafungwa, mpigaji anazijua. Kwa mchana mmoja wa kazi, hata kwa maiki mbili tu na sauti isiyo safi sana, prodyuza anaweza kukata lupu zake mwenyewe za kutumia mwaka mzima.

Hapo ndipo ugomvi unapoweza kuzaliwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua pia mtumbuizaji, siyo mtunzi peke yake. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, waandikiane ukurasa mmoja: malipo ni ya siku ile tu, au kila lupu itakapoingia kwenye wimbo mwingine mpigaji apate chake?