Kinywe ndani ya tanuru la chuma

Chuma kinachotengenezewa nondo za nyumba zetu huyeyushwa kwenye joto la nyuzi 1,600 hivi za Selsiasi. Tanuru lenyewe nalo lina ganda la chuma. Linalolinusuru ganda hilo ni ukuta wa matofali maalumu, na katika matanuru mengi matofali hayo yametiwa kinywe, madini yaleyale meusi yaliyomo ndani ya penseli.

Lakini kinywe ni kaboni, na kaboni huungua. Kwa nini kitiwe ukutani mwa moto?

Tofali la magnesia tupu, yaani oksidi ya magnesiamu, haliyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 2,800 hivi, kwa hiyo moto peke yake hauliwezi. Linalolimaliza ni mavi ya chuma, ule uchafu ulioyeyuka unaoelea juu ya chuma. Hupenya kwenye vitundu vya tofali na kulila, kisha joto likipanda na kushuka, tofali hupasuka na kubanduka. Miaka ya 1970 mafundi wa Japani walichanganya magnesia na kinywe, na kuta zikadumu zaidi. Mavi ya chuma hayashiki kwenye kinywe. Hujikusanya kama maji juu ya jani la magimbi. Tena kinywe hupitisha joto upesi na hutanuka kidogo, hivyo nyufa hupungua.

Ukilivunja tofali lililokwisha kutumika, mara nyingi utakuta upande wa moto una tabaka lililopauka, na nyuma yake weusi mtupu. Palipopauka, oksijeni imekula kinywe na kuacha magnesia dhaifu yenye matundu. Ndiyo sababu watengenezaji hutia unga wa alumini: huidaka oksijeni, kisha hugeuka misombo inayotanuka na kuziba vitundu. Mimi naiona hii kuwa akili kubwa kuliko ile ya kutia kinywe.

Kinywe kikizidi, joto hupotea kupitia ukutani, na kaboni huingia kwenye chuma. Kwa bati laini la bodi za magari, hiyo ni hasara. Kipimo cha kawaida ni kati ya asilimia 5 na 20.

Siku hizi kinywe cha Mahenge, wilayani Ulanga, hutajwa zaidi kwa ajili ya betri za magari. Betri hutumia zaidi magamba madogo ya kinywe. Matofali yanataka makubwa, kwa kuwa huchelewa kuungua, na Mahenge yapo.