Baba hali bila nyama? Usimnyime, badilisha chungu



Ndugu msomaji, ukipita majumbani jioni huku kwetu Kilangali, wilayani Kilosa, swali utakalolisikia ni moja: "Leo mboga nini?" Kwa lugha yetu mboga ni chochote kinachoteremsha ugali au wali, iwe nyama, samaki, kunde au matembele. Lakini wapo akina baba ambao mboga kwao ni nyama tu. Akiwekewa kunde anasema leo hakuna mboga. Akiwekewa mchicha anasema yeye si mbuzi. Mama watoto naye anaona bora yaishe, hela ya matumizi yote inakwenda buchani, inarudi nusu kilo, na hiyo nusu kilo inagawiwa kwa utaratibu tunaoujua sote: vipande kwa baba, mchuzi kwa watoto, na mama anakwangua sufuria.

Tatizo liko hapo kwenye mgao, kuliko kwenye kupenda nyama kwenyewe. Nyama ni halali na ni chakula kizuri, ina protini, zinki, vitamini B12 na madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa wepesi kuliko yale ya kwenye majani. Sasa jiulize, nani nyumbani kwako anahitaji chuma zaidi? Ni mama mjamzito, ni binti aliyevunja ungo, ni mtoto wa miezi sita anayeanza kulishwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa na asilimia 58 ya watoto wa chini ya miaka mitano. Malaria na minyoo vinachangia, lakini na sahani inachangia. Wakati huohuo baba, ambaye chuma anacho cha kutosha, ndiye tunayempima presha zahanati tukaikuta juu.

Kiasi gani basi kinatosha? Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unashauri mtu mzima asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki nzima, sawa na takriban robo tatu kilo ikiwa mbichi. Nyekundu ni ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) waliiweka nyama hiyo katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, hasa ya utumbo mpana, na soseji na nyama nyingine za kiwandani wakaziweka katika kundi la vilivyothibitika. Wapo watakaosema sisi watu wa kijijini hatufiki huko. Wengi hatufiki, ni kweli. Lakini anayekunywa supu asubuhi, akashuka Mikumi barabara ya Iringa akamaliza nusu kilo ya choma kwa kikao kimoja, kisha akarudi nyumbani kudai nyama ya usiku, huyo amefika siku nyingi.

Dada yangu, usianze kwa kumhutubia mkekani. Anza kwa kujua anachokipenda ndani ya nyama. Mara nyingi ni harufu ya moto, mafuta, mchuzi mzito, na kitu cha kutafuna. Vyote hivyo chungu kinaweza kuvitoa kwa nyama kidogo. Chukua robo kilo, katakata vipande vidogo kama kete za bao, kaanga na vitunguu mpaka viwe kahawia hasa, usiwe na haraka hapo, ndipo ladha ilipo. Tia kitunguu saumu, tangawizi, nyanya na bizari, kisha mimina kunde au mbaazi ulizoroweka usiku na kuchemsha zikaiva, malizia kwa tui na ndimu. Kila kijiko kitakuwa na nyama, na robo kilo itakuwa imelisha nyumba nzima. Ukipata mfupa, chemshia mbaazi humo. Nasi hatuna udhuru wa kukosa kunde: kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, hapahapa Kilosa, kimeshughulikia mbegu za kunde, mbaazi na choroko kwa miaka mingi.

Wala si jambo geni katika dini yetu. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia fundi cherehani aliyemwalika Mtume (s.a.w.) akamwandalia mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama iliyokaushwa. Nyama ilikuwemo, lakini Anas alimuona Mtume akitafuta vipande vya mumunye sahanini, na tangu siku hiyo naye akalipenda mumunye. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Naye Abu Dharr (r.a.) aliusiwa azidishe maji apikapo mchuzi ili majirani nao wapate.

Siku nyingine mpe moto bila ng'ombe. Perege au kambale aliyepakwa chumvi kidogo, ndimu na pilipili, akachomwa mkaani, humnyamazisha mlaji nyama yeyote. Nyanya chungu na bamia zitiwe samaki mkavu aliyebanikwa. Kisamvu kitwangwe sawasawa na kuchemshwa muda mrefu, maana kibichi kina sumu, halafu kiungwe kwa karanga. Mayai ya mchuzi, choroko za nazi juu ya wali wetu wa Kilangali. Ijumaa muachie pilau lake la nyama, wala usilipunguze. Mtu akijua Ijumaa ipo, Jumanne humsumbui.

Nawe kaka, usiseme ulimi haubadiliki. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia nchini, Morogoro na Dodoma zikiwemo katika mikoa iliyoathirika zaidi, watu zaidi ya 140 walifariki, na wengi tuliikimbia nyama ya ng'ombe tukahamia kuku, samaki na maharage. Tulikula na tukashiba. (Hata sasa, nyama yenye damudamu katikati irudishe jikoni, tegu na magonjwa mengine ya mifugo hayaoni aibu.)

Kuna mtego mmoja katika kubadilisha, nao ni chumvi. Mama akipunguza nyama, huogopa chakula kupooza, akaongeza chumvi na vidonge vya supu vya dukani, ambavyo vingi ni chumvi vilevile. Presha haijali chumvi imetoka wapi. WHO inataka isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye samaki mkavu.

Na mwenye gauti, ambayo wazee waliiita jongo, asihame kutoka nyama kwenda dagaa akadhani amepona. Dagaa, maini na figo huongeza asidi ileile inayovimbisha kidole gumba. Kunde na mboga za majani hazikuonekana kuongeza hatari hiyo, kwa hiyo huyo kunde ndizo zake.

Sasa wakati wa kupakua. Kabla sinia halijatoka kwenda barazani, toa kwanza fungu la mtoto mdogo, liponde likalainike, ulichanganye na ugali wake. Mama mjamzito apakuliwe lake, lenye vipande, si mchuzi. Weka papai, chungwa au ndimu pembeni, kwani vitamini C husaidia chuma cha kwenye kunde na majani kuingia mwilini. Chai ya rangi isubiri angalau saa moja baada ya kula, maana huzuia chuma hichohicho.