Breki Iliyo Kinywani

Je, wajua kwamba ukiuma changarawe kwenye githeri, taya lako husimama kabla wewe mwenyewe hujajua umeuma nini? Huku Kapsoit tumezoea kumlaumu aliyechambua maharagwe. Taya halishukuriwi na mtu.

Wengi wakisikia taya huwaza nguvu. Nguvu ipo. Msuli wa shavuni, ule unaovimba ukikaza meno, ukishirikiana na mwenzake wa panjani, unaweza kubana magego kwa mzigo wa zaidi ya kilo 50. Mtazame mtoto anavyochana ganda la muwa kwa meno hapa kando ya barabara iendayo Kisumu. Lakini kwa nguvu fisi anatuacha mbali. Mimi ninachokistaajabia ni breki.

Jino halikusimikwa kwenye mfupa kama nguzo kwenye saruji. Limening'inizwa kwa utando wa nyuzi wenye unene wa kama robo ya milimita, na humo mna neva zinazohisi jino likisukumwa hata kidogo. Unatafuna harage laini, mara unakutana na kigumu: habari inakimbilia shina la ubongo, na muda haujafika sehemu moja ya hamsini ya sekunde, misuli inayofunga taya imenyamazishwa. Akili hupashwa baadaye, ndipo unapomgeukia mpishi.

Mpangilio wa neva hizo nao ni wa pekee. Neva za hisia za ngozi na misuli yetu, karibu zote, zina seli zake nje ya ubongo na uti wa mgongo, zimekusanyika vifundo vifundo. Zile zinazopima mvutano wa misuli ya kufunga taya, na baadhi ya zinazotoka kwenye mizizi ya meno, seli zake zimekaa ndani ya ubongo kabisa.

Sasa iondoe breki hiyo. Hapo ndipo pepopunda inapoingia. Vijidudu vyake hukaa udongoni na kwenye samadi. Mwiba au panga la kupogolea chai likikukata, mlango umefunguka. Sumu yake haiuongezei msuli nguvu, inazima tu zile ishara zinazouambia utulie. Na kwa kuwa misuli ya kufunga taya ina nguvu kuliko ile ya kulifungua, kinywa hujifunga na kugoma.

Kogo, yaani nyanya yangu, alikuwa na pengo katikati ya meno ya chini, mawili yameng'olewa, kama Wakipsigis wengi wa rika lake. Alisema ni ili mtu akifungwa taya apitishiwe maziwa hapo. Majirani zetu Wajaluo, huko chini mteremkoni, waling'oa sita. Wapo wanaosema yalikuwa mapambo au alama ya kabila tu. Mimi namwamini Kogo, ingawa chanjo ni bora kuliko pengo.

Kinachoniudhi ni mapengo ya leo, yasiyo na sababu kama hiyo. "Dawa ya jino ni kung'oa," husema watu, na gego ambalo lingezibwa linaishia kwenye beseni. Halafu? Gego la juu lililokuwa likikutana nalo huanza kushuka polepole likimtafuta mwenzake. La jirani huinamia pengo. Mtu anahamishia kutafuna upande mmoja, na baada ya miaka meno hayakutani tena yalivyozoea. Daktari wa meno makini hukupa uume kikaratasi cha rangi ili aone yanagusana wapi; vijijini kwetu koleo huwa karibu kuliko hicho kikaratasi. Chai yetu hufika mnadani Mombasa kila wiki bila kuchelewa, lakini mchumaji anayetaka kuzibwa jino hupoteza siku nzima ya kibarua.

Na wewe unayesoma, meno yako yanagusana sasa hivi? Taya likipumzika, yanapaswa kuachana milimita 2 hadi 4 hivi. Ukiyakuta yamebanana, yaachie.

Kazi nyingine za taya: kuongea, kumeza, kunyonya, kupiga miayo, kuimba kanisani na, kwa wakaidi, kufungua soda. Kogo alifungua yake kwa kijiko.