Itifaki Mbili Ndani ya Swichi Moja: Somo la Reli ya Malaba

IPv4 na IPv6, matoleo mawili ya itifaki ya intaneti, hazisikilizani. Kompyuta yenye anwani ya toleo la 4 pekee haiwezi kuwasiliana na yenye anwani ya toleo la 6 pekee, hata zikiwa zimechomekwa kwenye swichi moja. Hali hiyo inafanana na ya behewa la reli ya zamani, yenye upana wa milimita 1,000, mbele ya njia ya reli ya kisasa (SGR) yenye milimita 1,435.

Malaba, mji wa mpakani mwa Kenya na Uganda, inaujua vizuri mkasa huu wa vipimo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu Desemba 1901, na kwa takriban miaka 30 shehena ya Kampala ilivushwa ziwani kwa meli. Njia ya nchi kavu, kupitia Eldoret na Malaba, ilifika Kampala mwaka 1931. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Uturuki, Yapı Merkezi, wa kujenga kilomita 272 za SGR baina ya Kampala na Malaba. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyependekeza reli kuukuu ing'olewe kwanza.

Reli hizo zinaonyesha pia njia tatu za kuishi na itifaki mbili. Ya kwanza ni kutafsiri: Naivasha, kontena hushushwa kutoka SGR na kupakiwa kwenye reli ya mita, kazi inayohitaji winchi na subira. Ya pili ni handaki: behewa zima huingia ndani ya meli ya MV Uhuru pale Kisumu, likavuka ziwa na mzigo wake, meli isijue kilichomo. Ya tatu, iliyo bora, ni kuziendesha zote mbili sambamba. Hiyo inakumbusha kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018: maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, kila mmoja na sheria yake, msafiri akisimama mara moja.

Swichi ya kawaida ya mtandao haisumbuliwi na itifaki hizi mbili. Husoma anwani ya kifaa tu. Namba ya aina iliyo kwenye fremu, 0800 kwa IPv4 na 86DD kwa IPv6, huachiwa mpokeaji. Kwa hiyo ofisi ya wakala wa forodha yenye swichi ndogo yaelekea imekuwa ikipitisha IPv6 bila kujua, kwani Windows huja ikiwa imeiwasha tangu Vista ya mwaka 2007.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kompyuta yoyote inaweza kujitangaza kuwa ruta ya IPv6, na jirani zake wakaiamini. Ulinzi uliowekwa kwa ajili ya IPv4 hauoni tangazo hilo. Kukagua lori barabarani huku njia za panya zikiachwa wazi ni uzembe, na fundi asijitetee kwamba ofisi "haitumii" IPv6. Swichi iwekewe kizuizi cha matangazo hayo kwenye kila tundu lisilo la ruta.

Swichi inayoelekeza pakiti baina ya mitandao ina jambo moja zaidi: kumbukumbu. Anwani ya IPv6 ina biti 128 dhidi ya 32, hivyo hula nafasi kubwa zaidi. Aina nyingi humtaka fundi achague mgawanyo wa jedwali la anwani, kisha aizime swichi na kuiwasha upya. Kazi hiyo ifanywe usiku. IPv4 nayo hustaafishwa polepole: printa na kamera zinazoijua hiyo pekee hutengewa mtandao wake, na matundu mengine huondolewa IPv4 moja baada ya jingine, pindi vipimo vinapoonyesha kwamba haipiti tena.